Chip ya Pampu ya Kang'ata

Mimi ni mwoga. Nimeshika nyaya za umeme tangu usichana wangu, na kila nikishika nasoma dua kwanza. Mume wangu alikuwa akinitania: "Fundi gani wewe? Utakufa kwa hofu kabla umeme haujakugusa." Acha aseme. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, walinijua mimi.

Miaka ile mashamba ya katani yalikuwa yananunuliwa na watu binafsi, na maduka ya Korogwe yalijaa redio na video za kila aina. Zilikuja kwa wingi, zikafa kwa wingi, nami nikapata kazi. Nilikuwa na kibanda changu Kwamndolwa, na ndani yake kompyuta ya mtumba ambayo wateja waliitazama kwa adabu zaidi kuliko walivyonitazama mimi. Mama yangu alibaki kwetu Kang'ata, upande wa Handeni, ambako maji ni habari ya kila siku. Mradi mmoja ulikuwa umewachimbia kisima kirefu, ukawawekea pampu ya kuendeshwa na jenereta, na kisanduku cha kuiongoza.

Ukame ulipokaza, pampu ikagoma. Jenereta linanguruma, kisanduku kinawasha taa nyekundu, maji hakuna. Watu wakarudi korongoni.

Korongoni unachimba mchanga mpaka ukutane na maji. Mwaka ule shimo lilikwenda chini kimo cha watu watatu waliopandana mabegani, kuta zake mchanga mtupu ulioshikizwa kwa matawi. Mtu mmoja hushushwa kwa kamba, anachota kwa kata, anajaza ndoo, walio juu wanavuta. Na desturi yetu ni hii: aliyeshuka hapandi mpaka foleni yote ipate, maana kila kupanda na kushuka kunamega ukuta. Huchaguliwa mama mwepesi, mtulivu, asiyegusagusa kuta. Yaani mama yangu.

Mimi shimo lile nalijua. Kabla sijaolewa lilimfunika jirani yetu. Tulifukua kwa mikono, tukamfikia, lakini tulichelewa. Mpaka leo nikisikia harufu ya mchanga mbichi nageuza njia. Kwa hiyo niliposikia mama anashuka kila asubuhi, nilifunga kibanda nikaenda.

"Shikamoo mama. Usishuke tena, nakuomba."

"Marahaba mwanangu. Nisiposhuka mimi atashuka nani, wewe?"

Nilijua siwezi, na yeye alijua.

Nikafungua kisanduku. Mlikuwa na chip kubwa, ndiyo inayofikiri, na pembeni yake chip ndogo ya miguu minane, ndiyo inayokumbuka hata umeme ukikatika. Kubwa huiuliza ndogo, nayo hujibu kwa waya mmoja, kipande baada ya kipande, kama watu wanaopokezana ndoo. Ubaya wa chip za kumbukumbu za namna hii ni kwamba haziandikiki juu ya maandishi ya zamani. Lazima ufute fungu zima kwanza, ndipo uandike upya. Mwendesha pampu akaniambia jenereta liliishiwa dizeli ghafla, na tangu hapo taa nyekundu. Nikaelewa: kisanduku kilikuwa kimeshafuta fungu lake, hakijafika kuandika upya. Umeme ukakatikia hapo katikati. Nikaing'oa ile ndogo, nikaifunga kwenye kitambaa, nikarudi nayo Korogwe.

Shamba moja la katani huko Ngombezi lilikuwa na kisanduku pacha. Fundi wao mkuu alinikubalia kwa shingo upande. "Dada, ukiniharibia hiki, mimi kazi sina." Niliisoma chip yake kwa kifaa nilichokiunga mwenyewe nyuma ya kompyuta, nikairudia, nikalinganisha, nikamrudishia salama. Akamshukuru Mungu, wala si mimi.

Ikabaki tarakimu moja. Ngombezi wako karibu na mto, kisima chao ni kifupi. Chetu ni kirefu. Tarakimu ile huiambia pampu isimame wapi maji yakishuka, isije ikavuta hewa ikaungua. Bahati nzuri waliochimba cha kwetu walichora kina chake kwenye saruji ikiwa mbichi, nami nilikuwa nimekisoma. Nikaibadilisha, nikafuta chip yetu, nikaanza kuandika. Taa ya kibandani ikafifia. Yalaa! Umeme wa Korogwe ulikuwa na tabia ya kuondoka na kurudi kwa kishindo, na kishindo kimoja kingeiua chip ile ambayo mji mzima haukuwa na mwenzake. Nikakaa nimeshika meza kama kwamba meza ndiyo inayoleta umeme. Taa ikarudi taratibu. Nikasoma nilichoandika: sawasawa.

Nilifika Kang'ata jua limeshapanda. Mama alikuwa korongoni, kama kawaida. Sikwenda kumwangalia, sikuwa na moyo huo. Nikapasha chuma kwenye mkaa, nikairudisha chip mahali pake kwa risasi ya kulehemu, mguu mmoja mmoja, nikamwambia mwendesha pampu awashe. Taa nyekundu. Roho ikanitoka. Halafu ikawa kijani, bomba likakohoa, likatema tope, likatoa maji.

"Maji! Maji yametoka!"

Ukelele ukafika korongoni, na wanawake wakaja mbio na ndoo, wanacheka, wanasukumana, mmoja akanikumbatia akanilowesha kanga. Nilicheka mpaka machozi. Nikawa namtafuta mama aje aone, maana kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kusifiwa. Simwoni. Nikamshika mkono mmoja wa akina mama waliokuwa wakivuta kamba korongoni.

"Mama yuko wapi?"

"Si nimemwachia mwenzangu kamba?"

Mwenzake alikuwa nyuma yangu, anakinga ndoo. Kila mmoja alidhani mwingine amebaki.

Sijui nilipitaje miiba ya njia ya korongoni. Nikaikuta kamba imelala mchangani, na mchanga unateleza kidogo kidogo kuingia shimoni, mahali walipokanyaga wakikimbia. Sikuthubutu kusogea ukingoni. Kijana wa Kimasai aliyekuwa na ng'ombe wake ng'ambo ya korongo aliniona, akaacha fimbo akaja. Akalala kifudifudi, akateremsha kamba. "Yeyo, mama, jifunge! Usiguse ukuta!" Tukavuta wote wawili, yeye kwa nguvu, mimi kwa kilio. Mama akatokeza, kanga yake imejaa mchanga mpaka kiunoni, mkononi kata yake. Tukamburuta mbali. Nyuma yetu shimo likashusha pumzi, puu, likajifunika.

Mama akakaa chini. Akapangusa macho, akanitazama mimi, akatazama vumbi lililokuwa likipanda pale alipokuwa.

"Pampu imepona?"

"Imepona, mama."

"Nilijua," akasema. "Niliita wavute ndoo, huku juu kimya. Nikajua mwanangu ameweza."