Mukwe wa Bluze Nyeupe

Kwetu Kalemie, mukwe mwanamuke na papa wa bwana yake hawaangaliani machoni. Nikikutana naye njiani natoka pembeni, nachuchumaa, nageuza uso. Akitutembelea, chakula chake naweka mulangoni, nakohoa kidogo, naenda zangu. Miaka yote ya ndoa yangu sikujua hata meno yake yanakaa namna gani. Heshima njo ile, na mimi niliipenda, musiniambie nilikuwa mushamba.

Lakini nilikuwa pia infirmiye, muuguzi wa bluze nyeupe, hospitalini, pavio ya wagonjwa wanaume. Siku moja, jua la saa sita, wakamuleta yeye kwenye kipoyi, watu wanne wamemubeba, kutoka bandarini, tumbo limevimba, mukojo umefunga tangu jana. Mwanaume muzima analia kama mutoto! Dawa ilikuwa moja tu: kupitisha mupira mwembamba pale penye uanaume wake, mukojo utoke. Daktari alikuwa amesafiri Manono. Mwenzangu mwanaume, mwenye kazi ile, walimukokota asubuhi pamoja na wengine kwenda kucheza animasyo, kumuimbia mukubwa fulani wa Chama aliyefika kwa ndege. Nikatuma muntu amuite. Akarudi peke yake.

"Wanasema atakayetoka kwenye mustari atafungwa, atalala kasho."

Ee Mungu wangu! Watu wanakufa, na Zaire inacheza.

Mama mukwe akanishika mukono. "Mutoto wangu, usimuguse. Ni laana ile." Bwana yangu akasema, "Fanya kazi yako," kisha akatoka nje asione.

Nikaongea na muzee huku naangalia ukuta. "Papa, leo mimi si mukwe wako. Ni infirmiye tu."

"Mukwe ni mukwe," akajibu. "Acha nife."

Sasa nani ataacha muntu afe, na mupira uko mukononi? Nilifanya. Alijifunika uso na kikwembe cha bibi yake. Mukojo ulipotoka, tumbo likashuka, lakini yeye aliendelea kulia chini ya kikwembe. Mikono yangu ilijua kazi yake. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Akapona. Akarudi kwake Zongwe bila kuniaga. Nikamutumia kuku ya kuomba radhi, na mutumbwi wa kwao. Kuku ikarudi na mutumbwi uleule, hai, miguu imefungwa. Kwetu hakuna tusi linalopita lile. Nyumbani bwana yangu akaacha kula bukari niliyosonga na mikono yangu, na nilipomuuliza akasema, "Wewe umeona papa yangu." Ala! Na nani alisema nifanye? Wanasema mushika mbili, moja humuponyoka. Mimi ziliniponyoka zote mbili.

Mvua zilizofuata, mukojo wa muzee ukafunga tena. Mama mukwe njo alinielezea yote kwenye matanga. Mutumbwi ulikuwa tayari majini, injini inawaka. Muzee akashika mulango na mikono yote miwili.

"Hospitali gani? Ile ya mukwe wangu? Hapana. Hataniona mara ya pili."

Wakamubembeleza, wakamubembeleza, mpaka akanyamaza kabisa.

Habari ya kifo ilinikuta kazini, nikichemsha mipira ileile. Daktari alikuwepo. Mwenzangu alikuwepo, na hakukuwa na animasyo. Wangemuleta siku ile, mimi ningetoka nje, nichuchumae, nigeuze uso.