Vidonge katika Nyumba ya Kilio

Tulipomzika dada yangu pale kijijini kwetu Kingi, binti yake mdogo alibaki mikononi mwangu pamoja na kopo la dawa. Mtoto alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Nyumbani, mimi peke yangu nilijua.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya kutibu watoto wenye virusi. Kituo kilikuwa kimeingia katika utafiti: watoto wachache walitolewa kwenye dawa ya maji wakapewa vidonge, ili ijulikane kama wataweza kuvimeza nyumbani, si mbele ya muuguzi tu. Alimzoeza mtoto kwa vitonge vya jibini, maana jibini ndiyo tuliyo nayo huku milimani. Vidogo kwanza, halafu vikubwa kidogo.

"Mama, hata sisi ku formation, ku ile mafunzo, tulimeza vidonge," aliniambia akicheka. "Mimi kilinikwama mbele ya docteur! Lakini usimufichie dawa mu chakula. Mutoto ajue anameza nini."

Nilimwelewa. Ila kwetu nyumba ya kilio haifungwi mlango mpaka kilio kiishe. Watu wanaingia, wanakaa chini, wanalala hapo hapo. Sikuwa na kona ya kumpa mtoto dawa kwa siri. Hata kopo nililijaza pamba, vidonge visisikike.

Na shangazi wa mtoto alikuwa amekuja kutoka Karuba. Baba wa mtoto anachimba madini Omate, kule Walikale, na njia ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo shangazi huyo, dada wa baba, ndiye aliyesimama kwa niaba ya ukoo wao. Kilio kikiisha angeondoka na mtoto. Nikimwambia, huenda akamkataa, au akamchukua na kumtengea sahani yake. Nisipomwambia, mtoto atafika Karuba na dawa zitakoma. Nilizunguka humo kila siku, sikuona pa kutokea.

Jioni moja nilifanya nilichokatazwa: nilificha kidonge ndani ya kitonge cha jibini. Kabla sijamfikia mtoto, shangazi akanyoosha mkono.

"We mama, mu kilio mutoto hakulake peke yake! Leta na kwangu. Ao fromaji ya Kingi iko ya watoto tu?"

Wanawake wakacheka. Shangazi akakichukua kile kitonge, akakitia mdomoni, akatafuna. Uso ukamkunjamana. Akatema kiganjani, akatazama, akafumba mkono.

"Mwende muangalie maharagi, iko inaungua," akawaambia wanawake.

Walipotoka, akasukuma mlango ukafungwa. Sijawahi kuona hilo likifanywa kwenye kilio.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya mutoto."

"Ya kikohozi?"

Ningeweza kuitikia. "Hapana," nikasema.

Alitazama mkeka aliokuwa akilalia dada yangu. "Mama yake naye, njo hii ugonjwa ilimuua?"

"Ndiyo, njo hii."

Akanigeukia. Kisha akasema, "Mupe ingine. Nione vile anameza."

Mtoto alimeza kwa maji, bila jibini, akafungua kinywa kuonyesha kwamba kimeshuka, kama muuguzi alivyomfundisha. Nilimsubiri shangazi aseme kama atamchukua au atamwacha.

Nje mtu akagonga. "Kwani kilio kimeisha? Mbona mumefunga?"

Shangazi alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo, mtu asiingie, kile kidonge kilichotafunwa kikiwa bado mkononi mwake, nasi wawili tukimtazama.