Alama za Kuuliza Mkononi mwa Mtoto

Mzee wa Mitambo, kama walivyomwita pale hospitalini, alikuwa na programu moja tu ya kujivunia, na aliringa nayo kama jogoo anayedhani jua huchomoza kwa sababu yake. Aliiandika kwa Pascal, lugha ya kompyuta ya enzi za ujana wake, na bado ndiyo iliyochapa tepe za majina wanazofungwa watoto wachanga mkononi. Kila herufi aliitengea baiti moja, kijichumba kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta, basi. Wenzake walipomshauri ahamie Yunikodi, yenye nafasi ya herufi za dunia nzima, alijibu, "Za nini zote hizo? Zetu zinatutosha." Utepe ukitoka na alama za kuuliza, lawama ilikuwa ya karani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye lake lilivunjikia wodi ya wazazi. Mkwe wake, aliyetoka nchi ya mbali, alijifungua binti akampa jina la bibi yake, kwa herufi za kwao. Utepe ukatoka na alama za kuuliza tupu.

"Baba," mkwe akasema, akiugeuza mkono wa mtoto, "mjukuu wako anauliza nini?"

Aibu aliyoiona mzee ilimtosha na kubaki. Akashuka ofisini, akaihamishia programu nzima kwenye Yunikodi, akajaribu jina la kubuni, likatoka safi. Akapanda ngazi kifua mbele na kumwambia muuguzi achape tena. Zikatoka alama zilezile, safari hii zimekolea wino.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo hata mwanafunzi mgeni asingelisahau. Baiti moja ikishindwa kuibeba herufi, haiifichi, inaitupa. Alama ya kuuliza si kifuniko cha chungu. Ukiifunua hukuti hata ukoko. Jina lilipotea siku lilipohifadhiwa, na ufundi wake wote haukuweza kulirudisha.

"Mama," akamwambia mkwe wake, macho kwenye miguu ya kitanda, "naomba uliandike tena jina la bibi yako. Nimelipoteza mimi, si karani."

Mkwe akaliandika. Utepe ukatoka na jina kamili, na mzee akaufunga mwenyewe mkononi mwa mjukuu.

"Na wale wengine, mzee?" muuguzi akauliza. "Wote uliosema karani kawakosea?"

Mzee akavuta kiti. Akaomba simu ya wodi na namba za wazazi wao, akakohoa kidogo mama wa kwanza alipopokea.

"Samahani, mama. Mwanao anaitwa nani?"