Kaka Anataka Nipige Magoti kwa Kumfundisha Binti Yake

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani hapa Kamembe. Kwetu mama hamfundishi binti yake mambo ya mwili. Hiyo ni kazi ya shangazi, na shangazi ni mimi.

Mwaka jana kaka yangu mkubwa alinitumia binti yake wa miaka kumi na minane akae kwangu likizo nzima. Alisema mwenyewe, "Umufundishe yote, asikuje kutuletea haya." Nikamfundisha yote. Nilimwambia kukataa ni haki yake na kungoja si ujinga. Nikamweleza pia mimba inaingiaje, ukimwi unapitia wapi, na kondomu inavaliwa vipi, maana siku yake itafika na mimi sitakuwepo chumbani. Tulicheka sana siku hizo.

Aliporudi kwao akamsimulia mama yake. Wee! Kaka alinivamia kazini mbele ya wateja. "Nilikupatia mutoto umufundishe kukataa, weye unamufundisha umalaya!" Akatukataza kuonana, na binti akakatazwa kutaja mambo hayo tena. Ushangazi wangu akampa jirani, mama ambaye somo lake lote ni "uogope banaume." Jamani, hilo nalo ni somo?

Mwezi uliopita binti alinijia kwa kujificha, analia. Jana yake alilala na kijana anayempenda, bila kondomu, ile vijana wanayoiita kapoti. "Shangazi, alisema kapoti ni ya bamalaya. Nilijua ni uongo, lakini niliogopa kubishana naye, juu papa akisikia atasema ni weye tena umenifundisha."

Mnaona? Mtoto alikuwa na jibu, wakamziba mdomo! Nilimpeleka kituo cha afya saa ileile. Walimpima, wakampa dawa za kuzuia ukimwi na mimba, wakasema lazima arudi kupimwa tena.

Sasa kaka, ambaye hajui lolote kuhusu kijana wala kituo cha afya, ameita ukoo Ijumaa baada ya swala. Anataka nipige magoti mbele ya wazee, na binti akiwepo, niseme niliyomfundisha ni upotovu. Nikisema, nitarudishiwa mtoto. Nikikataa, undugu umekwisha. Mimi nipige magoti! Kwa kosa gani? Kwa kufanya kazi waliyonipa wenyewe?

Lakini nikikataa, nani atamrudisha kupimwa? Peke yake haendi, anaogopa kuonekana. Na nikipiga magoti, atanisikia kwa masikio yake nikisema maneno ya yule kijana. Msiniambie nimweleze kando kwa siri, siri ndiyo iliyomponza.

Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?