Tanuru Aliloliacha Likiwaka

Jumanne moja ya Machi, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa mchoma mkaa hapa Marui, na alikufa huku tanuru lake likiwaka porini. Tanuru lisipochungwa udongo hupasuka, upepo huingia, na magogo yote huwa majivu. Mimi nilikuwa nimekaa eda, sikuweza kutoka. Nikamwomba mdogo wake akalizibe.

"Shemeji, utamuuzia nani?" aliniuliza. "Mama lishe wa Maili Moja wanapikia gesi. Hata kiwanda kule Zegereni kimeacha kuni. Nchi inapunguza hewa ukaa, nyie mnafukiza tu."

"Siuzi, shemeji. Ni kazi yake ya mwisho."

Hakwenda siku hiyo. Sikumlaumu. Habari za hewa ukaa tulielezwa kwenye mkutano wa kijiji, na marehemu mwenyewe alikubali, ila hakujua kazi nyingine. Kifua chake nilikisikia kikikoroma miaka mingi. Hata hivyo nilitaka gunia moja tu, la kupikia arobaini yake.

Siku ya nne ya msiba shemeji alikwenda. Alirudi na sepetu la marehemu, akasema tanuru limebomoka na mkaa wote umekuwa majivu. Nikamwambia aliegemeze sepetu ukutani, pale marehemu alipozoea kuliweka, akaliegemeza.