Filamu ya Nne Iwekwe Wapi

Mimi nilitaka filamu ya nne iwe ya mwisho. Binti yangu alitaka iwe ya kwanza. Hilo ndilo lililotugombanisha likizo nzima, na niseme mapema kwamba katika ugomvi huo sikuwa mtu mzuri.

Filamu zenyewe ni sita. Zinamhusu dereva wa lori aliyestaafu, ambaye kila akitulia anakuja mtu kumnyang'anya kitu: lori, ndugu, nyumba, mke. Naye anawafuata mmoja mmoja mpaka wanaisha. Hapa Garissa tunazitazama zikiwa zimetafsiriwa kwa Kisomali na mtu mmoja anayetoa sauti zote, za wanaume, za wanawake na za mbwa. Unaenda dukani kwake na flash, anakujazia. Kabla hata muziki haujaanza, anajitaja na kuwasalimu watu wa Wajir, wa Mandera na walioko ng'ambo. Wateja hawamtaji mwigizaji. Wanamtaja mtafsiri.

Maneno ya filamu ya nne niliyaandika mimi.

Niliacha shule darasa la saba, nikaolewa, nikampata huyu binti. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa filamu kama hizi, nikisimamisha kila sentensi na kuinakili kwenye daftari. Niliogopa kukosea hata nikiwa peke yangu chumbani. Neno moja lingeweza kunimalizia asubuhi nzima. Mwenye duka alizisikia habari zangu, akaja nyumbani. Sauti alikuwa nayo, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha.

"Abaayo," aliniambia, kama mtu anavyomwita dada yake, "wewe andika, mimi nitasoma. Sauti za wanawake utazifanya mwenyewe. Na mwanzoni nitasema wazi kazi hii ni ya nani."

Malipo alinipa, sitamsingizia. Lakini nilichokuwa nakisubiri mimi ni jina langu kutajwa kabla ya muziki.

Niliandika miezi miwili. Nilinakili upya mara nne kwa sababu sikuvumilia kuona neno lililokatwa. Na kwa kuwa kipaza sauti kilinitia hofu, nilijiandikia vikumbusho pembeni, kwenye sehemu ambazo ningesoma mimi. Kirefu kuliko vyote kilikuwa kwenye bwawa, pale mke anapoagana na dereva kabla dereva hajaenda kuua. Nilijiandikia: "Hapa pumua. Polepole. Hakuna anayekuona." Katika nakala ya nne, ile safi, ile ya kujivunia, mkono wangu ulikinakili hicho kikumbusho katikati ya maneno ya filamu. Sikukiona.

Mwenye duka aliichukua nakala hiyo, akarekodi bila kuniita. Baadaye alidai umeme ulirudi ghafla. Sauti za wanawake alizifanya mwenyewe kwa kubana koo. Mwanzoni alisema, "Filamu hii nimeitafsiri kwa jasho langu, usiku na mchana." Kisha alipofika kwenye bwawa akakuta kikumbusho changu, akakisoma kwa sauti nzito ya dereva, ambaye ameshika bunduki akiwatazama watu kumi na mmoja chini yake. "Hapa pumua. Polepole. Hakuna anayekuona." Halafu anafyatua.

Yalikaa vizuri. Hilo ndilo lililonichoma. Mji mzima uliyachukua yale maneno. Vijana waliyasema kabla ya kupiga penalti. Dereva mmoja wa bajaji aliyaandika nyuma ya bajaji yake kwa rangi nyekundu. Kaka yangu mwenyewe alinisindikiza kung'oa jino, akanishika bega na kunong'ona, "Hapa pumua," akacheka peke yake.

Nilienda dukani. Palikuwa na wateja. Niliuliza jina langu liko wapi.

"Jina gani?" alisema. Akawageukia wateja. "Huyu dada alininakilia. Ana mwandiko mzuri, mashallah."

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na afadhali wangecheka kwa ubaya. Tangu siku ile nilipita barabara ya nyuma nikienda sokoni, ingawa ni mbali na ina mbwa. Nikikata vitunguu nilimtungia adhabu. Niliomba, na najua hiyo si dua ya kuomba, apate mafua yasiyoisha. Niliomba spika yake iungue katikati ya salamu za Mandera. Nilitunga jibu ambalo ningempa, nikalirekebisha kwa miaka miwili mpaka likawa halina kasoro. Binti yangu sikumwambia neno.

Sasa ana miaka tisa. Likizo ilipoanza alirudi mbio kutoka dugsi, chuo chao cha Qurani, na ubao wake kwapani.

"Hooyo! Dukani wanataka orodha! Unapanga zile sita, ya kwanza mpaka ya mwisho, na sababu. Anasoma kwa spika baada ya Alasiri. Mwenye orodha nzuri anamjazia flash bure!"

"Duka gani?"

"Lile la Hapa Pumua, lipi lingine?"

Nilitaka kukataa. Nikasema sawa, kwa sababu palepale niliona njia: orodha ya mtoto, imesomwa kwa spika yake mwenyewe, na filamu ya nne iko mkiani.

Tulizitazama tena kwa siku tatu, alasiri, tumejilaza kwenye mkeka na kompyuta yangu ya mtumba mbele yetu. Ana sheria kali kuliko zangu. Filamu ya tatu aliipunguzia kwa sababu dereva anatembea kwenye theluji bila soksi. Ya tano aliipeleka mwisho bila kusikiliza utetezi wowote.

"Anapanda ngamia," alisema. "Mtu mzima. Kwani hana miguu?"

"Labda kwao wanapanda."

"Ngamia ni wa maziwa na wa kubeba nyumba. Ayeeyo angemchapa."

Ayeeyo ni bibi yake, mama yangu, ambaye bado ana ngamia upande wa Tarbaj. Nilikubali. Ila nilijaribu kuisukuma ya nne chini ya ile ya tano.

"Ya nne ni mbovu," nilisema. "Sauti za wanawake zinachekesha."

"Ya nne ni ya kwanza."

"Haiwezi kuwa ya kwanza."

"Wewe ulisema orodha ni yangu."

"Ni yako, lakini iwe ya haki."

"Haki gani? Wewe kila ikianza unatoka kwenda kupika chai. Hujawahi kuimaliza!"

Nikamnyang'anya kalamu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: mwanamke mzima, nimeshika kalamu ya mtoto juu hewani asiifikie. Hakulia. Alikaa chini akaniangalia.

"Naipenda kwa sababu wanaongea kama wewe," alisema. "Yule mke anamwambia dereva funga mlango, halafu rudi uhakikishe umefunga. Nani mwingine anasema hivyo? Mimi huwa nafikiri huyu mtafsiri aliwahi kukaa jikoni kwetu."

Nilirudisha kalamu. Nikaenda kabatini, nikatoa chini ya nguo za Idi daftari la nakala ya tatu, nikamwekea mapajani. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye bwawa akakuta kikumbusho, pembeni, mahali pake.

"Aliiba?"

"Aliiba."

Akafikiri. "Basi ndiyo ya kwanza zaidi."

Sijui kama aliniokoa au alinipa silaha. Nilikumbuka jambo ambalo kila mteja wa duka lile analijua, kwa sababu mwenyewe hujisifu nalo: hasomi kwanza. Karatasi yoyote, filamu yoyote, anasoma moja kwa moja mbele ya watu. "Mimi sijaribu," husema. "Mimi ni risasi."

Mpangilio wa orodha ni wa binti yangu wote, naapa. Sababu tano ni zake. Sababu ya filamu ya nne nilimwandikisha mimi, neno kwa neno, na nikamfanya ainakili mara tatu kwa sababu *u* zake zilifanana na *n*, mpaka mwandiko wake ukakaribia wangu. Mkono ulimchoka. Alitaka kwenda kucheza. Nilimwambia mara moja tu, ya mwisho, na haikuwa ya mwisho.

Baada ya Alasiri tulipita barabara ya mbele. Palikuwa na watoto wengi, akina mama waliotoka sokoni na bajaji tatu zilizoegeshwa kivulini. Mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni na kipaza sauti mkononi. Hakunitambua, au aliamua kutonitambua. Alichukua karatasi ya binti yangu akaanza, na lazima nikiri kwamba sauti yake ni nzuri. Nimeichukia miaka miwili na bado ni nzuri.

"Nafasi ya sita, filamu ya tano! Sababu: dereva anapanda ngamia kama mtu asiye na miguu!"

Watu walicheka sana. Akafurahi, akasimama. Alisoma theluji na soksi, akasoma lori, akasoma ndugu. Kila sababu aliipandisha sauti.

"Nafasi ya kwanza, filamu ya nne! Sababu: maneno yake ni matamu kuliko yote, na yaliandikwa na mama yangu kwa mkono wake, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na Hapa Pumua si maneno ya dereva, mama alijiandikia mwenyewe kwa sababu aliogopa kipaza sauti, na mtafsiri akayasoma bila kujua kwa sababu huwa..."

Hapo akanyamaza. Yalibaki maneno mawili: *hasomi kwanza*. Spika ilikoroma.

Nilikuwa na jibu langu la miaka miwili. Halikutoka. Nilisimama pale nimelikumbatia daftari kifuani.

"Hapa pumua," binti yangu akasema kwa sauti kubwa.

Walicheka mpaka mtu mmoja akakaa chini. Wote walidhani anamwambia mwenye duka. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Malizia, adeer!" mama mmoja alipiga kelele, akimwita ami kwa heshima. "Risasi imekwama?"

Hakumalizia. Alikunja karatasi, akasema kwamba watoto siku hizi wana utundu, akatafuta orodha nyingine. Dereva wa bajaji ile yenye maandishi mekundu akamwambia ampe mtoto flash yake, na akina mama wakaunga mkono, ikabidi ampe. Alipoinyoosha aliniangalia kwa mara ya kwanza, akasema chini kwa chini, akisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi, "Mwandiko ule ule."

Mtaa mzima ulisikia, ukaelewa kwamba anaujua mkono wangu. Nililala vizuri usiku ule, na sikuomba dua yoyote mbaya kwa sababu sikuihitaji.

Hajaniomba radhi. Filamu bado inaanza na jasho lake. Ila sasa akifika kwenye jasho watu wanaguna, na wateja wanaiita "ile ya mama yule". Ninapita barabara ya mbele, polepole, hata nisipokuwa na cha kununua. Sijutii.

Wiki iliyofuata nilikuta binti yangu ameandika orodha mpya na kuibandika ukutani juu ya mkeka. Filamu ya nne ilikuwa ya tatu.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Zamani pale bwawani nilikuwa namwona dereva. Sasa nakuona wewe, hooyo, unaogopa."

Nilimwomba airudishe. Mimi, niliyeitaka iwe ya mwisho, nilimwomba mara mbili, mara ya pili kwa kumbembeleza. Nilimwambia sehemu ya magari kufukuzana bado iko palepale, na wale watu kumi na mmoja, na bunduki.

"Wewe ulisema orodha ni yangu," alisema, akaenda kucheza.

Bado ipo ukutani. *U* zake zote zinafanana na *n*. Kalamu ninayo, na sijaigusa.