Mume anauza mkaa, mke anafundisha watu kuubana

Saa kumi na mbili asubuhi, maharage yanatokota kwa fujo juu ya jiko la mkaa. Yamelowekwa tangu jana jioni, yamechemka nusu saa tu, na ukiyabana kwa vidole bado ni magumu. Hapo ndipo mpishi anafanya jambo ambalo wenzake huliona kichaa: anaiipua sufuria.

Anaifunika vizuri, anaitumbukiza katika kapu kubwa lililojazwa mito ya vitambaa chakavu, kisha anaikandamizia mto mwingine juu. Makaa yaliyobaki anayafungia ndani ya kopo yazimike, yatumike kesho. Halafu anachukua ufagio kana kwamba hana chochote jikoni.

"Joto likishaingia humo halina pa kwenda," anasema. "Saa sita nayachemsha tena, naunga, watu wanakula."

Watu hao ni mafundi wa gereji iliyo ng'ambo ya barabara, na ndio waliombandika jina la Mama Kapu. Zamani alimaliza madebe mawili ya mkaa kwa siku. Siku hizi nusu debe linamtosha, na kilichookolewa ndicho kilichomlipia binti yake mafunzo ya ukunga.

Kichekesho ni kwamba mumewe anauza mkaa. Ghala la mzee limeegemea ukuta wa jiko la mkewe.

"Wengi hudhani napika bure," anasema Mama Kapu. "Thubutu! Baba watoto ananiuzia kwa bei ile ile ya majirani. Biashara ni biashara, ndoa ni ndoa."

Basi bei ilipopanda na maji yakazidi unga, hakuwa na wa kumlilia. Akakumbuka jinsi shangazi yake alivyokuwa akiviringisha sufuria ya wali katika blanketi ili wachelewaji waukute wa moto. Akajiuliza: kama blanketi linatunza joto la chakula kilichoiva, si litaivisha pia kilichokaribia? Akaomba vipande vya nguo kwa fundi cherehani, akashona mito.

Mwanzo haukuwa mtamu. Wiki ya kwanza mafundi waligoma kula, wakasema wamepewa kokoto. Mama Kapu aliona aibu hadi akatamani kulichoma kapu lenyewe. Jioni moja mumewe akakiri kwamba alikuwa akilifunua kapu kila mara kuchungulia, joto likitoka.

"Nilitaka kuona kama yanaiva kweli," anajitetea mzee huyo, mweusi kwa vumbi hadi kwenye kope. "Chakula bila moto! Wewe ungevumilia?"

Mkewe anamtazama kwa jicho la pembeni. Mpaka leo hajui kama ulikuwa udadisi au kulikuwa na jambo jingine, na ameamua kutouliza.

Maana ugomvi wenyewe ulikuja baadaye. Majirani walianza kumiminika kujifunza, na yeye akawafundisha bila kinyongo: mama mwenye nyumba, wauza chai, hata mwalimu wa watoto wadogo. Kadiri makapu yalivyoongezeka mtaani, ndivyo magunia yalivyokawia ghalani. Mzee aliyekuwa akiuza magunia manane kwa wiki akashuka hadi matano.

Wenzake walimtania kijiweni. "Kikulacho ki nguoni mwako," walimwambia. "Chako wewe kimo kapuni."

Siku moja alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. "Mke wangu, unatia mchanga kitumbua changu. Fundisha mtaa wa pili, hapa acha."

Mama Kapu aliacha. Kwa miezi mitatu alimjibu kila aliyebisha hodi kwamba ana kazi nyingi. Anasema iliuma, kwa sababu waliokuja walikuwa wanawake wanaojua kabisa nini maana ya kulala na sufuria tupu.

Kilichomrudisha ni kikohozi cha mumewe. Kilianza asubuhi, kikahamia mchana, kisha kikawa cha siku nzima. Daktari alimwambia mzee wazi kwamba kifua chake hakitaki tena vumbi, na asipobadili kazi asije kumlaumu mtu.

"Nikamwambia, baba watoto, haya makapu yanaweza kutulisha, funga ghala," anasimulia. "Akaniuliza, nikiacha mkaa nitakuwa nani? Mkaa ndio umesomesha watoto. Na ni kweli umesomesha."

Akarudia kufundisha, akaanza na kushona makapu ya kuuza, safari hii bila kuomba ruhusa. Kwa mwezi anauza makapu kumi, wakati mwingine kumi na mawili. Mzee anafungua ghala kila siku na kukohoa.

Mazungumzo yanakatizwa na sauti nje, upande wa ghala. Mwanamke kijana, mgeni mtaani, amekuja na mfuko mpya.

"Shikamoo, baba. Naomba debe moja."

"Marahaba, mwanangu. Unapikia wangapi?"

"Mimi na mume wangu tu."

Mzee anakohoa kwanza. "Debe zima la nini? Chukua nusu. Halafu pita hapo kwa mama akuonyeshe kapu."

Jikoni Mama Kapu, aliyekuwa akishona mto, anasimamisha sindano. Anatazama ukuta unaomtenganisha na ghala, macho yamemjaa maji, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana utani.

"Hajawahi kusema hivyo," ananong'ona. "Hata siku moja."

Anafuta uso kwa ncha ya kanga na kuvuta kigoda cha pili karibu na mlango, penye mwanga. Mpango wake ni ghala liwe karakana ya makapu kabla mwaka haujaisha, na mzee akae hapa akishona, kwa kuwa mikono yake ina nguvu kuliko ya mkewe.

"Kupika peke yangu naweza, na kushona peke yangu naweza," anasema, akiinuka kumpokea mgeni. "Kuzeeka peke yangu ndiko sitaki."